Simu Mbili za Mtondooni

Mwaka wa themanini na sita, Mtondooni palikuwa na simu kumi na mbili, na hakuna neno lililoingia wala kutoka katika simu hizo bila kupita mkononi mwa Mumbua.

Mumbua alikuwa opereta. Alizaliwa bara, Ukambani, akaletwa pwani na kazi akiwa msichana wa miaka ishirini na minne, na sasa alikuwa ametimiza thelathini na moja bila kuhamishwa. Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya dirisha la posta, chembamba, chenye joto la kumkausha mtu, na ndani yake ulisimama ubao wa mitambo uliojaa matundu na nyaya. Mtu akizungusha mpini wa simu yake huko aliko, kifuniko kidogo cha chuma kilidondoka kwenye ubao, na Mumbua akachomeka waya na kuuliza, "Mtondooni, nikupe nani?" Watu wote aliwajua kwa sauti. Alijua nani ana mafua na nani kaamka hasemezani na mkewe.

Simu nyingi zilikuwa za serikali au za wenye mali: polisi, zahanati, shamba la mkonge, ghala la korosho, hoteli ya Wazungu kule ufukweni. Kwa miaka mingi simu ya kumfaa mtu wa kawaida ilikuwa moja tu, nambari saba, dukani kwa Bwanamkuu.

Bwanamkuu alikuwa mzee wa asili ya Pate aliyeuza mchele, nazi, mafuta ya taa na kanga. Simu yake aliiweka juu ya meza ndogo na kuifunika kitambaa kilichofumwa na marehemu mkewe. Aliyekuja kupiga simu aliamkiwa kwanza, akaulizwa hali ya watu wa nyumbani mmoja mmoja, akapewa kikombe cha kahawa, ndipo mzee akafunua kitambaa. Habari ya kifo ikiingia hakumtuma mtu. Alivaa kanzu, akatia kofia, akaenda mwenyewe kwa miguu hata kama ni mwendo wa saa nzima. Watu wakimwona njiani amevaa hivyo siku isiyo ya Ijumaa, walisimama milangoni kutazama ataingia nyumba ya nani.

Kisha akaja Thuku. Alitoka Murang'a na lori moja, akafungua duka la vifaa vya ujenzi ng'ambo ya barabara, akitazamana na Bwanamkuu mlango kwa mlango. Aliuza saruji, misumari na mabati. Aliomba simu, akahangaika nayo miaka miwili, na ilipofika akapewa nambari kumi na mbili.

Thuku hakuwa mtu wa kahawa. Siku ya kwanza alibandika karatasi ukutani yenye bei iliyo chini ya ile ya mzee. Wiki ya pili akajenga kijumba cha mbao chenye mlango, mtu akaingia humo na kuzungumza peke yake. Hicho ndicho kilichowavuta wanawake. Kwa Bwanamkuu, mwanamke aliyempigia mumewe Jedda alizungumza huku duka zima likimsikiliza, na aliporudi nyumbani alikuta majirani wanajua mumewe ameahidi nini na amekataa nini. Kwa Thuku alifunga mlango, akalia kama anataka kulia, akatoka amejifuta uso.

Bwanamkuu naye akapunguza bei. Thuku akapunguza zaidi. Mzee akaongeza benchi na kuweka mtungi wa maji baridi. Thuku akapandisha kipaza sauti juu ya paa lake, na ikawa simu ikiingia, jina la mwenye simu linanguruma kijiji kizima: "Harusi binti Jaha, simu yako! Harusi binti Jaha, njoo mbio!" Watu walicheka, lakini walikuja mbio. Mwaka haukwisha Mtondooni ikawa imegawanyika. Kulikuwa na watu wa saba na watu wa kumi na mbili, na wa saba hakukanyaga kumi na mbili ila awe na shida kubwa, wala wa kumi na mbili hakukanyaga saba.

Ushindani wote huo ulikuwa na mlango mmoja ambao si Thuku wala Bwanamkuu aliyekuwa na ufunguo wake. Watu waliopiga simu kutoka mbali, kutoka Mombasa au Nairobi au Uarabuni, wengi hawakujua nambari. Walisema tu, "Nipe Mtondooni, pale dukani." Hapo Mumbua ndiye aliyeamua waya auchomeke wapi. Aliyepata simu hiyo alipata mteja, kwa kuwa mtu aliyeitwa mara moja mahali hurudi hapo kupiga jibu.

Mwanzoni Mumbua aligawa kwa haki, moja huku, moja kule. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Aliona tu ndivyo ilivyo sawa.

Siku moja Thuku alikuja dirishani kununua stempu, akasimama.

"Mumbua, mama yako bado analala chini ya paa la nyasi?"

"Bado. Na nyumba inavuja tangu mvua za mwaka jana. Ameandika barua."

"Lori langu linapanda Nairobi kila baada ya wiki mbili. Linapita karibu na kwenu. Nitamshushia mabati."

"Bwana Thuku, mimi sina uwezo huo."

"Nani amekuuliza uwezo? Sisi tumetoka bara, tuko hapa peke yetu. Tusiposaidiana sisi, nani atatusaidia?"

Mabati yakaenda. Mama yake Mumbua akamwandikisha mtoto wa jirani barua, akasema sasa analala akisikia mvua juu ya kichwa chake na hata tone halimpati. Mumbua aliisoma barua ile mara tatu. Wiki iliyofuata Thuku alirudi kununua stempu nyingine, akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayekumbusha jambo dogo, "Mtu akiitisha Mtondooni bila nambari, mimi nipo." Mumbua alimhesabia chenji yake. Lakini tangu siku ile simu zisizo na nambari zilikwenda kumi na mbili, na baada ya miezi michache mkono wake ulikuwa umezoea, hata yeye mwenyewe haukumuuliza tena.

Bwanamkuu aliona simu zake zinapungua. Hakuwahi kumshuku. Kila Idi aliendelea kumpelekea sahani ya biriani iliyofunikwa, na kila walipokutana alimwita mwanangu.

Basi palikuwa na mtu mmoja anaitwa Kahindi, fundi wa makuti. Nyumba nyingi za Mtondooni aliziezeka yeye, na jiko la hoteli ya Wazungu pia. Alikuwa mtu mpole wa maneno machache, lakini Thuku alipoleta mabati kijijini, Kahindi alisema mbele za watu kwamba bati ni la kuanikia dagaa, binadamu akilala chini yake ataamka ameiva. Maneno yale yalizunguka kijiji kizima, na Thuku hakuyasahau. Kwa hiyo Kahindi alikuwa mtu wa saba, naye hakuwa na haja ya kuwa kwingine.

Mkewe, Dorcas, alikuwa na mimba ya nne. Mimba ilipoingia mwezi wa tisa miguu ilimvimba, macho yakawa yanaona ukungu, na mganga wa zahanati akamwandikia barua ya kwenda hospitali ya Mombasa. Kahindi alimpeleka, akakaa naye siku mbili. Wakamwambia mama atalazwa mpaka ajifungue, na mume hana pa kulala pale. Nyumbani watoto watatu walikuwa wameachiwa bibi yao, ambaye miguu yake ilikuwa haimtii tena. Kahindi akawaambia wauguzi kwamba kukiwa na lolote wapige simu Mtondooni, dukani, atakuwa hapo anangoja. Nambari hakuijua. Alijua duka tu. Kwake duka lenye simu lilikuwa moja.

Akarudi, akakaa kwenye benchi la Bwanamkuu. Alikuja asubuhi na mzigo wa makuti mabichi, akasuka mpaka duka lilipofungwa. Simu ya mzee ikilia, mikono yake ilisimama. Ikiwa si yake, mikono iliendelea. Siku ya kwanza ikapita hivyo, na ya pili. Mumbua alimwona kila alipokwenda kazini na kila aliporudi, na alijua anangoja nini, kama kila mtu pale alivyojua.

Siku ya tatu ilikuwa Jumatano. Saa tatu na robo asubuhi kifuniko cha simu za mbali kilidondoka. Opereta wa Mombasa alisema ana mtu wa Mtondooni, hana nambari, anataka dukani. Mumbua alikuwa akiandika kwenye daftari lake kwa mkono wa kulia. Mkono wa kushoto ukachukua waya, ukauchomeka kumi na mbili.

Kisheria alitakiwa kusikiliza mpaka pande mbili zisikilizane, kisha aondoke. Akasikia Thuku akisema, "Haloo," na sauti ya mwanamke kijana ikajibu kutoka Mombasa.

"Mimi ni nesi Priscilla, wodi ya wazazi. Namtafuta Bwana Kahindi, mume wa Dorcas. Yuko hapo?"

Mumbua aliacha kalamu.

"Namjua," alisema Thuku. "Hayuko hapa kwangu."

"Tafadhali mwambie aje leo. Asingoje kesho. Mkewe hali yake si nzuri, presha imepanda sana, na daktari anataka kumpasua mchana huu. Anamuulizia mumewe. Anasema asichelewe, ana neno anataka kumwambia kwa mdomo wake mwenyewe."

"Nitamwambia," alisema Thuku.

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Simu ikakatika. Mumbua alikaa na waya mkononi. Kutoka mlango wa Thuku mpaka benchi la Bwanamkuu ni hatua arobaini, kuvuka barabara ya mchanga. Alitega sikio angoje kipaza sauti kingurume jina la Kahindi. Chumba chake hakikuwa mbali, kila siku aliyasikia majina yote. Alingoja. Alisikia lori likirudi nyuma, na watu wakipokezana mifuko ya saruji.

Saa nne kamili alizungusha mpini akapiga kumi na mbili.

"Bwana Thuku, umemwambia Kahindi?"

"Nani?" Kisha akacheka kidogo. "Ah, wewe! Kumbe wasikiliza. Bado nashusha saruji, lori limekuja na vibarua wamenikimbia. Nitamwambia."

"Basi la saa tano litampita."

"Nimesema nitamwambia, Mumbua. Na huyo naye, si amekaa kwa mzee wake? Si huko kuna simu? Acha angoje kidogo, ajue bati na kuti lipi linafaa."

Akakata. Mumbua aliamini, au alitaka kuamini, kwamba ule ni mzaha, na mtu akishamaliza mzaha hufanya alilopaswa kufanya. Basi la saa tano lilipiga honi barabara kuu. Akalisikia likisimama na likiondoka.

Saa sita alitoka kwenda kula. Kahindi alikuwa pale pale, ameinamisha kichwa, anasuka. Alipoona kivuli cha mtu aliinua macho.

"Salama, dada?"

"Salama, Kahindi."

"Hakuna chochote?"

Angeweza kusema wakati ule. Basi jingine lilikuwa la saa nane, na hata kwa foleni ya feri ya Kilifi lingemfikisha Mombasa kabla jua halijatua. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini akisema, Kahindi atauliza amejuaje, na Bwanamkuu aliyekuwa ndani akipima mchele atauliza simu ilikwenda wapi, na kwa nini ilikwenda huko ilhali mwenyewe amekaa hapa siku tatu kijiji kizima kinamwona. Na akiuliza hivyo, yatafichuka mabati, kisha na kazi itakwenda.

"Sijasikia," alisema Mumbua. Akapita.

Hakula. Alikaa chumbani kwake, akanawa uso, akarudi kazini kabla ya wakati. Alipiga kumi na mbili saa saba na nusu, na mke wa Thuku akajibu kwamba bwana amepanda lori kwenda Malindi. Saa nane basi lilipiga honi. Saa kumi na moja posta ikafungwa, na Mumbua akazunguka nyuma, njia ya kisimani, asipite mbele ya benchi.

Alhamisi, saa mbili asubuhi, simu ya kwanza ilitoka Mombasa.

"Ni mimi Priscilla tena," ilisema ile sauti, na safari hii ilikuwa imechoka. "Nipe pale pa jana."

"Dada," alisema Mumbua, na tangu aanze kazi hakuwahi kumuuliza mpigaji habari zake, "Dorcas vipi?"

Alisikika akifunga mlango wa chumba alimokuwa.

"Amefariki jana magharibi. Alitoka kwenye upasuaji, akazungumza kidogo, kisha akaanza kutokwa damu. Mtoto ni mzima. Msichana. Wewe ni nani?"

"Ni opereta. Usimwambie mtu mwingine. Nitampelekea mimi."

Alivua kile kisikizio cha masikioni akakiweka juu ya daftari. Nyuma yake vifuniko viwili vilidondoka, polisi na ghala la korosho, na vikabaki wazi bila kujibiwa. Alitoka kwa mlango wa mbele, kichwa wazi, katikati ya saa za kazi, jambo ambalo hakuna mtu wa Mtondooni aliyewahi kuliona. Bwanamkuu alikuwa mlangoni. Alimtazama usoni mara moja tu, akaingia ndani, na alipotoka alikuwa ametia kofia.

Kahindi alikuwa ameshasimama. Makuti yalikuwa miguuni pake.

"Kahindi," alisema Mumbua, "Dorcas hatunaye. Ni jana magharibi. Mtoto amepona. Ni msichana."

Kahindi alikaa chini, si kwenye benchi, mchangani. Bwanamkuu alishuka polepole kwa magoti yake ya kizee akakaa karibu naye, akaweka mkono begani mwake, akasema yanayosemwa, "Sisi sote ni wa Mwenyezi Mungu." Watu wakaanza kusogea. Mwanamke mmoja akaangua kilio.

Mumbua angeweza kuondoka hapo pia. Habari ilikuwa imefika, na mtu aliyepata habari ile haulizi imetoka wapi. Lakini alibaki pale pale.

"Walipiga jana," alisema.

Kahindi aliinua kichwa.

"Walipiga jana asubuhi, saa tatu na robo. Mkeo alikuwa hai."

"Jana nilikuwa hapa," alisema Kahindi, kama mtu anayemweleza mgeni. "Nilikuwa hapa tangu saa moja. Muulize mzee. Simu haikulia."

"Haikulia hapa. Ililia kule." Akaonyesha ng'ambo ya barabara. "Mimi ndiye niliyeipeleka kule. Nimekuwa nikizipeleka kule zote, tangu mama yangu alipopelekewa mabati. Na nilisikia walichosema. Na saa sita uliponiuliza, nilikudanganya."

Watu waligeuka wakatazama ng'ambo ya barabara. Bwanamkuu alimtazama Mumbua kwa muda mrefu. Mumbua aliungoja ukali wake na haukuja. Kilichokuja kilikuwa kigumu zaidi, maana mzee aligeuza uso pembeni kama mtu aliyemkuta binti yake katika jambo asilopaswa kuliona.

Kahindi aliuliza jambo moja tu. "Alisema nini?"

Mumbua akampa maneno yote, neno kwa neno, kama alivyoyasikia: njoo leo, usingoje kesho, anakuuliza, ana neno anataka kukwambia kwa mdomo wake mwenyewe.

"Neno gani?"

"Hakulisema."

Thuku alikuwa ametoka dukani kwake, mikono imejaa vumbi la saruji. Alisimama katikati ya barabara. Alitia mkono mfukoni akatoa funguo za gari.

"Kahindi," alisema, "niliahidi nitakwambia. Lori likaja, kisha... Nilisema nitakwambia nikirudi kutoka Malindi. Nikarudi duka limefungwa, umekwenda. Sikujua kama atakufa. Twende, nikupeleke sasa hivi. Tumlete mama nyumbani na gari langu."

Kahindi alisimama. Hakumpigia kelele. Alipukuta mchanga kwenye nguo yake, akaokota kisu chake cha kuchania makuti, akakiweka juu ya benchi taratibu, makali yakielekea ukutani, akasema, "Mzee, nisindikize barabarani." Wakaondoka wawili, Bwanamkuu na Kahindi, wakapita kando ya Thuku kama wapitao kando ya nguzo. Walingoja basi juani zaidi ya saa moja. Gari la Thuku lilikuwa limesimama mbele ya duka wakati wote huo, na mlango wake uko wazi.

Mumbua alirudi kwenye ubao wake akajibu polisi, kisha ghala la korosho. Adhuhuri alichukua karatasi akawaandikia wakubwa wake Mombasa, akaeleza alichofanya tangu mwanzo, na mabati akayataja.

Baada ya wiki mbili alikuja bwana mmoja mwenye mkoba, mtu mstaarabu, akafunga mlango wakazungumza. Alitaka jambo liishe kwa upole.

"Mgonjwa alikufa kwa ugonjwa wake," alisema. "Hata mume angefika, angekufa vilevile. Hospitali inasema hivyo."

"Najua."

"Na kupeleka simu nambari moja badala ya nyingine, mpigaji asipotaja nambari, si kosa la kuandikwa popote. Mabati ni urafiki. Watu wa nyumbani husaidiana. Mbona wajitafutia balaa?"

"Angemwona," alisema Mumbua. "Tangu simu ile alikuwa na saa tisa nzima za kumfikia."

Yule bwana alikuna shavu kwa kalamu. Akaandika aliyoambiwa. Mwezi wa kumi na moja Mumbua aliachishwa kazi, akaletwa kijana wa kiume kutoka Voi akalie kiti chake.

Thuku hakufanywa lolote, kwa kuwa hakuna sheria inayomlazimisha mwenye duka kuvuka barabara. Kwa mwezi mmoja kijumba chake kilikuwa kitupu na mabenchi ya Bwanamkuu yalijaa mpaka watu wakasimama. Mwezi wa pili wakaanza kurudi, mmoja mmoja, kwanza wanawake wenye waume ng'ambo. Bei ilikuwa chini, na mlango ulifungika. Kipaza sauti Thuku alikiteremsha yeye mwenyewe, akawa anapeleka habari kwa miguu yake, usiku haujaingia. Watu walisema anajutia, na wengine walisema anafanya biashara. Huenda yote mawili. Bwanamkuu alishikilia nambari saba mwaka mmoja zaidi, kisha akairudisha, akasema masikio yake yamekuwa mazito na simu inataka mtu asikiaye.

Kabla hajahama, Mumbua alikwenda kwa Kahindi. Alichukua kikapu chenye kopo la maziwa ya unga na kanga mpya, akatembea mpaka kwenye boma lao nyuma ya mashamba ya mkonge. Hawe, kama watoto walivyomwita bibi yao, alikuwa amekaa mkekani amempakata yule mchanga. Alimkaribisha bila kumjua. Kahindi alikuwa juu ya paa la nyumba yake, anabadilisha makuti yaliyooza. Aliposhuka alisimama mbali kidogo.

"Nimekuja kuomba radhi," alisema Mumbua. "Siombi unisamehe. Nimekuja tu nisije nikaondoka bila kuja."

Kahindi alikitazama kile kikapu.

"Nilimuuliza yule nesi," alisema. "Priscilla. Nilimuuliza kama Dorcas alimwachia yeye lile neno. Akasema hapana, alisema atalishika mpaka nije." Akaangalia mikono yake. "Wengine wanakuja hapa kuniambia ilikuwa kazi ya Mungu. Wewe peke yako ndiye uliyekuja kuniambia ilikuwa kazi yako. Sijui nifanye nini na hilo. Sina pa kuliweka."

"Basi nitakwenda."

"Nenda. Vitu vyako nenda navyo." Alikwisha kupanda ngazi hatua mbili, akasimama bila kugeuka. "Ukija tena, njoo mikono mitupu."

Mumbua alipata kazi Mtwapa, akisimamia nyumba ya vyumba vya kupanga karibu na daraja. Alizoea kelele za baa na wapangaji waliohama bila kuaga. Mwezi wa nne mwaka uliofuata alipanda basi mpaka Mtondooni, mikono mitupu, akashuka akapita kati ya yale maduka mawili bila kutazama upande wowote. Alichota maji kisimani kwa ajili ya hawe, akatwanga mahindi, akasikiliza watoto wakubwa wakisoma vitabu vyao vya shule. Kahindi alimsalimu alipokuja na alipoondoka, na katikati hakumsemesha. Mwezi wa nane alikwenda tena, na wa kumi na mbili pia. Hakuna aliyemwambia aendelee na hakuna aliyemwambia basi.

Mwaka wa tatu hawe alifariki. Mumbua alifika matangani, akafanya kazi na wanawake wengine jikoni siku zote, akilala chini na wenzake. Siku ya kuondoka, Kahindi alimsindikiza mpaka barabarani, na yule msichana, aliyepewa jina la Kadzo, akiwa mabegani mwake. Basi lilipotokea kwa mbali, Kahindi alimshusha mtoto.

"Mwamkie shangazi," alimwambia.

Mtoto akamtazama Mumbua, akaona haya, akajificha nyuma ya mguu wa baba yake. Kisha akatoa mkono mmoja tu, akaunyoosha.